Fungate Barabarani: Haki ya Kwenda Hutoka Wapi?

Katika mila za Waswahili wa pwani, fungate ni siku saba za kukaa ndani. Maharusi huletewa chakula chumbani, hutunzwa na somo, na hawaonekani njiani mpaka siku zitimie. Ndoa hujengwa kwanza nyuma ya mlango uliofungwa, kisha ndipo huonyeshwa watu. Wamarekani hufanya kinyume. Wakishatoka kanisani au kwa msajili, maharusi wao hupanda gari lililofungwa makopo kwa nyuma, watu hushangilia, na gari huondoka. Ndoa yao huanza kwa kwenda.

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka kadhaa, na naona ndani yake mna swali la siasa lililo kubwa kuliko la mila. Kwa kawaida, kukaa ndani na mwenzako hakuombewi kibali. Kwenda ni jambo jingine. Anayekwenda hupita katika ardhi ya wengine, hulala katika vitanda vya wengine, hukutana na askari asiyemjua, na kila hatua yake hutegemea kwamba mahali fulani sheria imesema: mwacheni apite. Sheria hiyo ilitoka wapi? Nani aliyeigharimia? Ndugu msomaji, nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kusimulia fungate yangu mwenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ilipita ndani ya kombi la mwaka 1972, kati ya jiji la Chicago na ufuko wa Santa Monica.

Tulifunga ndoa Tanga mwezi Mei 2014, wakati mimi nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu nchini Marekani. Mke wangu ni mwanasheria. Wakati ule aliitumikia halmashauri moja ya wilaya, na likizo yake ilikuwa siku 28, zisizoongezeka hata moja. Fungate ya siku saba tuliikamilisha nyumbani kama bibi yangu alivyotaka. Tulipomweleza kwamba iko na ya pili, ya barabarani, alicheka sana.

“Mjukuu wangu, bibi harusi hatembezwi juani.”

“Bibi,” mke wangu akamjibu, “huko gari lina paa.”

Uwezo wa kugharimia safari hiyo hatukuwa nao. Profesa mmoja mstaafu alikuwa na kombi lake la Volkswagen alilotaka limfikie binti yake Los Angeles, na kulisafirisha juu ya lori kungemgharimu fedha nyingi. Akatuambia: liendesheni ninyi, mafuta yangu. Ndani yake mlikuwa na kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi na mapazia yaliyofifia rangi. Ndivyo mwanafunzi na mtumishi wa serikali za mitaa walivyopata fungate ya kitajiri.

Kombi si gari geni kwetu. Wazee wetu wanalikumbuka likibeba wamisionari, watalii na hata maharusi. Wazo lake lilichorwa mwaka 1947 na mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, katika karatasi ya daftari, na Wajerumani wakaanza kulitengeneza mwaka 1950. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo halina rejeta ya kuchemka. Nchini Marekani vijana wa miaka ya 1960 waliligeuza kuwa alama ya maisha yasiyo na bwana wala mipaka. Lakini hata alama hiyo ilipita forodhani. Mwishoni mwa mwaka 1963 Rais Lyndon Johnson aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, akilipiza kisasi kwa nchi za Ulaya zilizouwekea ushuru mkubwa kuku wa Kimarekani. Kombi la kubeba mizigo likaingia katika kapu hilo, la kubeba abiria likasalimika. Ushuru huo wa kuku ungalipo hadi leo. Nilimweleza mke wangu habari hiyo tukiwa bado hatujatoka nje ya Chicago, naye akasema kwamba sasa ameamini kweli ameolewa na mwalimu.

Kombi letu halikupenda mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Katika barabara kuu za kisasa malori yalitupita kwa kishindo mpaka mapazia yakatikisika. Kwa hiyo tulichagua njia ya zamani, ile barabara namba 66 iliyoanzishwa mwaka 1926, yenye urefu wa takriban kilomita 3,900, sawa na kwenda kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mara tatu. Inapita katika majimbo manane: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Mwaka 1985 serikali iliifuta katika orodha ya barabara kuu, lakini vipande vyake vingi bado vinapitika, na Wamarekani huizungumzia kwa upendo ambao sisi huuweka kwa marehemu.

Kituo chetu cha kwanza kirefu kilikuwa St. Louis, kando ya mto Mississippi. Watalii huenda kuliona tao la chuma lenye urefu wa mita 192. Mke wangu alitaka kuiona mahakama ya zamani iliyo karibu na tao hilo, na mbele yake tukaikuta sanamu ya mume na mke wamesimama pamoja: Dred Scott na Harriet Scott. Mwaka 1846 wanandoa hao watumwa walifungua mashauri mjini humo wakidai uhuru wao, kwa hoja kwamba walikuwa wamewahi kupelekwa na kuishi katika ardhi ambako utumwa ulipigwa marufuku. Shauri lilichukua miaka kumi na moja. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Roger Taney, iliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa nchi ile.

Wengi wetu tuliosoma historia tunaijua hukumu hiyo. Tusichokisoma sana ni mojawapo ya sababu zake, na mke wangu alinisomea kutoka kwenye simu yake tukiwa tumeketi katika ngazi za mahakama. Taney alieleza kwamba kama watu weusi wangehesabiwa kuwa raia, basi wangekuwa na haki ya kuingia katika jimbo lolote wakati wowote wapendao, mmoja mmoja au kwa makundi, bila cheti wala kipande. Wangekaa humo muda wautakao na kwenda watakako, saa yoyote ya mchana au usiku, bila kusumbuliwa. Kwa Taney huo ulikuwa mfano wa balaa. Kwa sisi tuliokuwa tumeliegesha kombi mtaa wa pili, ulikuwa maelezo kamili ya likizo yetu.

Niliielewa maana yake usiku wa siku ya pili. Tulikuwa katika mji mdogo wa Missouri ambao sitautaja, tukitafuta mahali pa kuegesha tulale. Taa za buluu zikawaka nyuma yetu. Askari alikuja upande wangu, mwenzake akasimama upande wa mke wangu akiwa na tochi. Mnatoka wapi? Mnakwenda wapi? Gari la nani? Mbona mko hapa saa hizi? Nilikuwa na leseni, hati ya bima, na barua ya profesa iliyotiwa saini. Mikono yangu niliiweka juu ya usukani kama wanafunzi wenzangu weusi walivyonifundisha mwaka wangu wa kwanza. Askari hakututukana wala hakutugusa. Alisoma barua mara mbili, akamulika kitanda na sufuria zetu, akaturudishia karatasi, akatuambia tuendelee na safari. Hakusema kosa letu lilikuwa lipi.

Tulikwenda karibu saa nzima bila kusema neno. Kisha mke wangu akasema polepole, “Yule bwana ametuuliza hukumu ya Taney yote, aya kwa aya.”

Usiku ule tulibishana kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Alitaka tuiache njia ya zamani, tushike barabara kuu yenye malori na mataa, ambako hakuna anayemwangalia mwingine. Alisema, na maneno yake ninayakumbuka, kwamba hakuvuka bahari kuja kuwa mjane wa fungate. Mimi nilisema kwamba barua ya profesa ingetutosha, naye akaniuliza ni tangu lini mtu mzima akahitaji barua ili atembee na mkewe. Sikuwa na jibu. Mwisho tukaafikiana: tutaendelea na njia ya zamani, lakini jua likitua gari lisimame. Hatutaendesha gizani tena.

Ilitupasa kufika Oklahoma ndipo tukagundua kwamba mkataba huo wetu wa faragha ulikuwa na historia ndefu. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ilikuwako Marekani miji iliyojulikana kama miji ya machweo, ambako mtu mweusi alionywa, mara nyingine kwa bango la barabarani, kwamba jua lisimkute humo. Mingine ilikuwa kando ya barabara hii hii ya 66, nje kabisa ya majimbo ya kusini tunayoyafikiria tukisikia habari za ubaguzi. Ndiyo maana mwaka 1936 tarishi mmoja wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha kitabu kilichokuja kujulikana kama Green Book, mwongozo wa hoteli, nyumba za wageni, vinyozi na vituo vya mafuta vilivyowapokea wasafiri weusi. Kiliendelea kutoka kwa miaka thelathini hivi. Karibu na Luther, Oklahoma, tulisimama mbele ya jengo dogo la mawe, kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, ambayo ni familia ya watu weusi. Kimefungwa zamani. Lakini kwa miongo mingi msafiri mweusi aliyefika hapo alijua kwamba atauziwa mafuta na ataruhusiwa kutumia choo. Kwa anayepita leo ni jengo tu. Kwa baba mwenye watoto watatu nyuma ya gari mwaka 1948, lilikuwa tofauti kati ya safari na aibu.

Tulikuwa tumetoka Tulsa siku hiyo hiyo. Mtaa wa Greenwood uliokuwa fahari ya wafanyabiashara weusi ulishambuliwa na kuchomwa tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Nyumba zaidi ya elfu moja ziliteketea, na tume iliyoundwa na jimbo lenyewe, miaka themanini baadaye, ilikadiria kwamba waliouawa huenda walifika 300. Jambo lililonishika mimi, Mwafrika wa Mashariki, ni lililofuata baada ya moto. Wakazi weusi waliwekwa kizuizini, na waliotolewa walitakiwa kuwa na kadi yenye uthibitisho wa mwajiri mzungu ndipo waweze kutembea mjini. Mwaka 1921! Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa ikiwavisha wanaume Waafrika kipande ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, chenye jina la mwajiri na rekodi ya kazi zake. Watawala hao hawakuhitaji kuandikiana barua. Anayetaka kumiliki nguvu za mtu mwingine huanza kwa kumzuia asiende.

Greenwood ilijengwa upya na watu wake wenyewe. Kisha ikaja barabara. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000, yaani kilomita 66,000 hivi, serikali ya shirikisho ikilipa asilimia 90 ya gharama kutoka katika mfuko unaolishwa na kodi ya mafuta. Ni moja ya kazi kubwa za umma katika historia, na watumishi wa serikali wanaosoma hapa wataona kwamba ndiyo nasaba ya mifuko ya barabara tuliyo nayo sisi. Lakini mahali pa kupitisha barabara huchaguliwa na watu, na katika miji mingi kilichochaguliwa ni kitongoji cha wasio na sauti. Tulipotembea Greenwood kwa miguu, magari yalikuwa yakinguruma juu ya vichwa vyetu: barabara kuu imepita katikati ya mtaa. Njia inayomfungulia mmoja dunia inaweza kumfungia mwingine nyumba.

Tukaingia Texas, ambako tambarare haina mwisho na upepo unalisukuma kombi kama jahazi. Hapo mke wangu, aliyekuwa sasa anaendesha, alinikumbusha kwamba tulikuwa tukilimaliza jimbo la tatu kati ya yale yaliyokuwa na hoja na ndoa. Mwaka 1967 majimbo 16 ya Marekani bado yalikuwa na sheria zinazokataza mweupe na mweusi kuoana, na matatu kati ya hayo, Missouri, Oklahoma na Texas, yamo katika njia ya 66. Zilibatilishwa na shauri la wanandoa wengine, Richard na Mildred Loving. Mwezi Juni 1958 walisafiri kutoka kijijini kwao Virginia hadi Washington, wakaoana kihalali, wakarudi kwao. Wiki chache baadaye askari waliingia chumbani mwao usiku na kuwakamata kitandani. Walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kilichositishwa kwa sharti kwamba waondoke Virginia na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Kwa akina Loving, hata kukaa ndani kulihitaji kibali. Mume angeweza kurudi kwao, mke angeweza kurudi kwao. Kosa lilikuwa kurudi wakiwa mume na mke. Waliishi uhamishoni mjini Washington, wakashitaki, na tarehe 12 Juni 1967 Mahakama Kuu ikawapa haki yao kwa kauli moja.

Magharibi mwa Albuquerque, jimboni New Mexico, waya wa klachi ulikatika. Tulikaa juani saa mbili. Mzee mmoja wa Kinavajo mwenye pikapu ya zamani kuliko gari letu alisimama, akaingia chini ya kombi bila kuuliza sisi ni nani, akatuvuta hadi kwenye karakana ya mpwa wake. Waya mwingine ulipatikana kesho yake. Usiku ule tulilala uani kwao, ndani ya kombi, baada ya kula maharagwe na mkate wa kukaangwa. Mzee hakutuuliza barua. Alituuliza kama kwetu kuna mbuzi.

Yeye ndiye aliyetusimulia, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari ya juzi, jinsi mwaka 1864 jeshi la Marekani lilivyowaswaga maelfu ya watu wake kwa miguu kwenda Bosque Redondo, mashariki mwa eneo hilo, mamia ya kilomita kutoka kwao, na jinsi walivyokaa huko kwa njaa na maradhi mpaka mkataba wa mwaka 1868 ukawaruhusu kurudi. Wanavajo huuita msafara huo Mwendo Mrefu. Kwa hiyo neno “kwenda” nalo lina sura mbili. Ipo safari ya aliyeamua mwenyewe, na ipo ya aliyeamuliwa. Haki tunayoizungumzia ina pande zote mbili: kwenda utakako, na kubaki ulipo.

Arizona tulivuka kwa siku mbili, tukapita Williams, mji wa mwisho kukatwa na barabara kuu mpya, mwezi Oktoba 1984. Kisha tukavuka mto Colorado na kuingia California karibu na Needles, katika joto ambalo kombi lililalamikia waziwazi. Hakuna aliyetusimamisha isipokuwa mkaguzi wa mazao aliyetaka kujua kama tuna matunda. Mke wangu alitoa machungwa mawili, akacheka mpaka akatoka machozi, kwa sababu alikuwa akijua kilichowahi kufanyika katika mipaka hiyo.

Katika miaka ya 1930 ukame na mdororo wa uchumi viliwang'oa wakulima wengi wa Oklahoma, Texas na majimbo jirani, nao wakashika barabara hii ya 66 kuelekea California. Wengi wao walikuwa weupe, Wamarekani kwa vizazi na vizazi. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, aliwapeleka askari 136 wa jiji lake hadi kwenye mipaka ya jimbo, mamia ya kilomita nje ya mamlaka yake, ili kuwarudisha walioonekana kuwa hawana fedha wala kazi. Rangi yao haikuwasaidia. Walikuwa maskini, na hilo lilitosha.

California ilikuwa pia na sheria iliyofanya kuwa kosa kumwingiza jimboni mtu maskini asiye mkazi. Mwishoni mwa mwaka 1939 mtu mmoja aitwaye Fred Edwards alitoka mji wa Marysville, California, akaenda Texas na gari lake kumchukua shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye hakuwa na kazi. Akamleta nyumbani. Akashitakiwa na kutiwa hatiani. Tafakari, ndugu msomaji: kosa lake ni kumchukua shemeji. Mwezi Novemba 1941 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo kwa kauli moja. Majaji wengi walijenga hoja juu ya mamlaka ya shirikisho kusimamia biashara kati ya majimbo; wachache, akiwamo Jaji Robert Jackson, walisema jambo lenyewe ni uraia, na kwamba mifuko mitupu haimpunguzii mtu uraia wake.

Mke wangu alifurahishwa na mgawanyiko huo. Alinieleza kwamba mwaka 1964, moteli moja ya Atlanta ilipokwenda mahakamani ikitaka iachwe iwakatae wageni weusi licha ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo, ilishindwa kwa hoja ile ile ya biashara. “Hawa wenzetu,” alisema, “utu wao umeingia nyumbani kwa mlango wa duka.” Nikamwambia kwamba hata huo ni mlango, alimradi uliingiwa.

Nasi Waafrika wa huku tumo katika historia hiyo. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alinyimwa huduma katika mgahawa mmoja wa Maryland akiwa njiani kutoka New York kwenda Washington. Mkasa huo na mingine ya wanadiplomasia wa Kiafrika katika barabara hiyo iliiaibisha serikali ya Rais Kennedy mbele ya mataifa mapya, na ukawa shinikizo mojawapo la kuifungua migahawa ya Maryland. Wanaharakati weusi wa Marekani walikuwa wameanza zamani. Mabalozi waliongeza uzito kwenye mzani.

Tulilikabidhi kombi Los Angeles siku ya 16, likiwa na vumbi la majimbo manane. Miezi miwili baadaye, tarehe 9 Agosti 2014, kijana Michael Brown aliuawa kwa risasi za askari huko Ferguson, pembeni mwa St. Louis, baada ya kusimamishwa akitembea katikati ya barabara. Mke wangu alinipigia simu kutoka wilayani kwake. Hatukuzungumza mengi.

Nirudi kwenye swali langu. Haki ya kwenda haitoki kwenye gari. Matangazo ya biashara yanatuambia kwamba uhuru una magurudumu manne na unapatikana kwa mkopo. Nasi tunayaamini, hasa vijana. Tuliyoyaona njiani yanasema vingine. Lami ililipiwa na kodi ya kila aliyejaza mafuta. Ruhusa ya kupita usiku ilipiganiwa na Harriet na Dred Scott waliposhindwa, na Edwards aliposhinda. Kitanda cha moteli kina sheria yake na shauri lake. Hata kuitwa mume na mke mbele ya askari mwenye tochi kuna wanandoa wawili waliolipa kwa uhamisho. Sisi wawili tulifaidi kazi ya watu ambao hatukuwahi kuwapa hata asante.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda atakako. Ni maneno mazuri, na yanastahili kukaririwa. Lakini kumbukumbu zetu zina mengine pia. Mwaka 1983 tulitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini, ndani ya nchi yao huru. Nia ilielezwa kuwa ni uzalishaji. Askari 136 wa Los Angeles nao walielezewa kwa maneno ya namna hiyo: kulinda mji dhidi ya wazururaji. Hadi leo neno “mzururaji” ni jepesi mno midomoni mwetu. Machinga anayetoka mkoa mmoja kwenda mwingine, mfugaji anayefuata malisho, binti anayepanda basi la usiku peke yake, mvulana anayeonekana hana la kufanya katika mtaa wa wenye nazo: wote hawa tunawauliza maswali ya Taney bila kujua kwamba ni ya Taney. Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Mbona uko hapa saa hizi?

Siwaambii watumishi wenzangu wa umma kwamba vizuizi vyote viondolewe. Gari bovu lisimamishwe, dereva mlevi ashushwe. Ninachosema ni kwamba anayesimamisha ndiye anayedaiwa sababu, na sababu iwe tendo, isiwe sura ya mtu, wala mavazi yake, wala umaskini wake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomgawa raia na mshukiwa, na huamuliwa kila siku na askari wa barabarani, mgambo, mtendaji wa kata na karani wa dirishani, wengi wao wakiwa ni wanafunzi waliopita katika madarasa yetu.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina kisa kimoja cha mwisho, cha kombi jingine. Katika kisiwa cha Johns, South Carolina, aliishi mkulima na mfanyabiashara mweusi aitwaye Esau Jenkins. Tangu miaka ya 1940 aliwasafirisha majirani zake kwa basi kwenda kazini mjini Charleston, na njiani aliwafundisha kusoma vifungu vya katiba ya jimbo, kwa kuwa bila kuvisoma wasingeandikishwa kupiga kura. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1957 ilizaliwa kisiwani humo shule ya uraia aliyoianzisha pamoja na Septima Clark na Bernice Robinson, na mfano wake ukasambaa kusini kote. Baadaye Jenkins alikuwa na kombi la Volkswagen la mwaka 1966, aliloliandika nyuma maneno yenye maana kwamba upendo ni maendeleo na chuki ni gharama. Kipande cha kombi hilo kimehifadhiwa leo katika makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi, Washington.

Lilikuwa gari la aina ile ile tuliyopanda sisi, na mwendo wake haukuwa mkubwa zaidi. Abiria wake walipanda wakiwa watu wanaohitaji ruhusa, wakashuka wakiwa wapiga kura. Mabasi yetu ya masafa marefu hutumia saa kumi na zaidi kutoka mkoa hadi mkoa, na Katiba yetu ni kitabu chembamba kinachoingia mfukoni. Tuanze na Ibara ya 17.